Mulango, jina, namba: namna inchi yetu ilihesabu wagonjwa na wafu mu Goma, Kikwit na Butembo



Tarehe 25 mwezi wa sita 2020 serikali ilitangaza kama Ebola ya mashariki imekwisha. Ripoti ilisema: wagonjwa 3,470, wafu 2,287. Namba hizo mbili tunazikumbuka, sababu redio zilizirudilia karibu miaka miwili. Lakini ndani ya ile 3,470 kuko namba ingine yenye watu wachache wanaitaja: 153.

Wagonjwa 3,317 walihakikishwa na labo. Wale 153 wengine waliwekwa mu kolone ya "kudhaniwa". Mara nyingi maana yake ilikuwa hivi: mutu alikuwa na alama za Ebola, aligusana na mugonjwa mwenye kujulikana, kisha alikufa na akazikwa mbele mutu yeyote achukue kipimo ku mwili wake. Labo haikusema ndiyo, haikusema hapana. Baba wa watoto, ao mama mwenye alikuwa anauzisha ku soko, anaingia mu historia ya inchi kama "pengine".

Mwalimu wa statistiki atakuambia kama hiyo ni kasoro ndogo tu, haifiki hata mutano ku mia. Ni kweli. Lakini mimi naona ni alama ya jambo kubwa. Namba ya wagonjwa haianzii Kinshasa, wala Genève. Inaanzia ku mulango wa nyumba mu kartie, pale mutu mumoja anabisha na mwengine anakubali ao anakataa kufungua. Kama mulango haukufunguka, hakuna tablete, hakuna labo, hakuna profesa mwenye ataiokoa hiyo namba. Turudie historia yetu mara tatu tuone: Goma 1994, Kikwit 1995, Butembo 2018 na 2019.

1. Goma: lori njo zilihesabu

Mwezi wa saba 1994, mu siku ine tu, kati ya tarehe 14 na 17, Wanyarwanda kati ya 500,000 na 800,000 waliingia upande wa Goma. Wakaaji wa muji waliamuka na kukuta barabara, masoko na viwanja vya makanisa vimejaa watu. Maji ya kunywa ilikuwa ya Ziwa Kivu, bila kusafishwa. Tarehe 20 kolera ikahakikishwa. Kisha ikafuata kuhara damu.

Mutu mwenye anajua Goma anajua udongo wake: ni mawe ya volkano. Huwezi kuchimba choo kwa jembe, na huwezi kuchimba kaburi kwa jembe. Kwa hiyo jamaa walikunja maiti ndani ya kirago, wakailaza kando ya barabara, wakaenda. Lori zikapita kuokota na kupeleka mu makaburi ya pamoja yenye mashini zilichimba.

Nani angehesabu wagonjwa pale? Hakuna. Kolera inaweza kumaliza mutu mu masaa machache, na wengi walikufa mbele wafike ku hema ya munganga. Basi waliohesabu walifanya kile kilichowezekana: walihesabu maiti zenye lori zilikuwa zinaokota. Kisha, siku zilipopita, vikundi viliingia mu kambi na kuuliza jamaa moja moja: mulikuwa wangapi, mumebaki wangapi? Walipolinganisha njia zote mbili, walikuta kama karibu watu 50,000 walikufa mu mwezi wa kwanza.

Sasa jaribu kugawa. Kama wakimbizi walikuwa 500,000, amekufa mutu mumoja ku kumi. Kama walikuwa 800,000, amekufa mumoja ku kumi na sita. Wafu ni wale wale, lakini musiba unabadilika ukubwa, juu tu hatujui wazima walikuwa wangapi. Hii njo fundisho la kwanza: huwezi kujua uzito wa vifo kama hukuhesabu watu wakiwa bado na uzima.

Na kuko ingine. Lori haiulizi maiti jina. Namba ya Goma iliambia dunia musiba ni mukubwa namna gani, na ilionyesha kama maji safi njo ilipashwa kutangulia mbele ya kila kitu. Lakini haikuweza kuokoa wale wenye ilikuwa inahesabu. Kuhesabu maiti ni kuhesabu nyuma ya musiba.

2. Kikwit: kurudi nyuma mpaka kwa mutu wa makala

Mwaka uliofuata, muji wa Kikwit, mu Bandundu ya zamani. Mwanaume mumoja alikuwa analima na kuchoma makala mu pori karibu na muji. Aligonjwa mwanzo wa mwezi wa kwanza 1995, na tarehe 13 akafia ku hospitali kubwa ya Kikwit. Hakuna mutu aliandika Ebola. Kisha jamaa zake wakaanza kufa. Wale walimulinda, wale walimuosha, wale walikuja ku kilio. Mwezi wa pili ukapita, wa tatu ukapita. Kila nyumba ilijua wafu wake. Muji haukujua.

Mu mwezi wa ine, mufanyakazi mumoja wa labo alipasuliwa ku hospitali kubwa. Wenye walimupasua wakaanza kugonjwa, kisha wenye waliwalinda, na kati yao masista sita Waitalia wakafa. Hapo watu wakashituka. Wengine walifikiri ni kuhara damu. Vipimo vilitumwa inje ya inchi, na mu mwezi wa tano jibu likarudi: Ebola. Profesa Jean-Jacques Muyembe, mwenye alikuwa amefika Yambuku 1976 wakati wa Ebola ya kwanza, alikuwa kati ya wale walioongoza kazi Kikwit.

Muone jambo hili bila kuficha: vifo vya watu wa kartie vilidumu miezi mitatu bila kuhesabiwa. Vifo vya wanganga na masista vikahesabiwa mara moja. Si kusema mutu fulani alikuwa mubaya. Ni kwamba hospitali ilikuwa na kitabu, na avenyu haikuwa nacho.

Ili kujaza hicho kitabu, wanafunzi wa udaktari na wasaidizi wengine walipita nyumba kwa nyumba. Walikuwa na maulizo ya kawaida sana: Nani alikufa hapa toka mwezi wa kwanza? Alianza kugonjwa siku gani? Nani alimulinda? Nani aliosha maiti? Alienda ku kilio cha nani mbele ya kugonjwa? Jibu kwa jibu, wakapanda ule muti wa vifo kutoka matawi mpaka shina, mpaka kwa yule mutu wa makala. Mwisho wa hesabu: wagonjwa 315, na karibu wanane ku kumi kati yao walikufa. Wafanyakazi wa afya peke yao walikuwa 80 kati ya wale 315.

Mujiulize kwa nini ile kazi iliwezekana. Wanafunzi hawakuwa na kompyuta. Walikuwa na kitabu cha kuandikia, na mama wenye walikubali kukaa chini na kukumbuka tarehe za vifo vya watoto wao mbele ya kijana mwenye hawamujui. Mama huyo njo mwanzo wa ile namba 315.

3. Butembo: pale mulango ulikataa

Sasa tuje kwetu, wakati wenye wengi kati yetu tulikuwa tayari na akili ya watu wazima. Tarehe 1 mwezi wa munane 2018, Ebola ya kumi ya inchi yetu inatangazwa, kuanzia Mangina. Mu mwezi wa tisa imefika Butembo, muji wa wafanyabiashara wenye komini ine: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Kwa upande wa afya muji unagawanyika mu zoni mbili, Butembo na Katwa. Majina hayo mawili yalikuja kusikilika mu ripoti kila siku.

Safari hii vyombo vyote vilikuwa hapo. Mashini za labo zilitoa jibu mu masaa machache, hapo hapo mu muji. Chanjo ilikuwa, na mpaka mwisho watu zaidi ya 300,000 waliipata. Na kazi ilikuwa imebadilika: sasa kitu cha kuhesabiwa kwanza ni wazima. Mugonjwa mumoja akihakikishwa, wanaandika kila mutu mwenye aligusana naye, wanamupima joto kila siku kwa siku 21, wanachanja yeye na wale wa karibu yake. Kama liste ni nzuri, mugonjwa wa kesho tayari jina lake iko ndani leo. Hiyo njo mutihani wa kweli wa hesabu. Usiulize tu "wagonjwa wangapi leo?" Uliza: "Huyu mupya, alikuwa ku liste ao hapana?"

Mu Katwa na Butembo, mwanzo wa 2019, jibu lilikuwa baya. Mwezi wa tatu, Madaktari wasio na mipaka walisema wazi kama zaidi ya vifo 40 ku mia vilikuwa vinatokea mu jamii, inje ya vituo vya matibabu, na kama zaidi ya mutu mumoja ku tatu kati ya wagonjwa wapya hakujulikana alipata ugonjwa kwa nani. Vyombo vya mwaka 2019, na matokeo karibu ya Kikwit. Juu ya nini?

Kwanza tukumbuke wakati. Toka mwezi wa kumi 2014 watu wa Beni walikuwa wanachinjwa. Miaka ine hakuna mutu alikuja na magari mia kuhesabu wale wafu. Kisha Ebola ikaingia, na magari yakaja. Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 2018, CENI ikatangaza kama uchaguzi wa Beni, Butembo na Yumbi umesukumwa mpaka mwezi wa tatu. Kwa Beni na Butembo, Ebola iliwekwa kati ya sababu. Inchi ikapiga kura tarehe 30, rais akaapishwa mwezi wa kwanza, na Butembo ilikuwa bado inangojea karatasi. Ujiweke mahali pa baba mwenye nyumba kule Katwa: hawakutaka kuhesabu kura yangu, sasa kijana na jile anabisha, anataka kuhesabu maiti yangu?

Hata mbele ya hayo, mu mwezi wa tisa 2018, watafiti waliuliza watu wazima 961 mu Beni na Butembo. Karibu mumoja ku ine alisema Ebola haiko. Chini ya mumoja ku tatu alitumainia wakubwa wa hapo kwamba wanatafuta faida ya watu. Hiyo namba ya pili njo ilipashwa kutuogopesha zaidi.

Pili, tuseme ukweli juu ya bei. Kutoa jina la mugonjwa wako ilikuwa na bei, na bei ililipwa na jamaa peke yao. Gari inasimama mbele ya nyumba, kartie yote inaangalia. Motari anakataa kubeba watoto wako. Mama anapoteza wanunuzi ku soko. Mugonjwa anapelekwa mahali hauingii. Akikufa, watu wenye hawajui jina lake wanamuzika. Mutu mwenye alificha hakuwa lazima mujinga. Mara nyingi alikuwa amepiga hesabu yake, na hesabu ilimuambia anyamaze.

Na feza. Mu kartie watu walikuwa wanasema: "Ebola njo makuta." Waliona magari ya kukodi, waliona primu, waliona nani alipewa kazi na nani hakupewa. Mu wakati ule ule surua ilikuwa inapita mu inchi yote. Kati ya 2019 na 2020 iliua watu zaidi ya 7,000, wengi wao watoto wadogo. Ni zaidi ya mara tatu ya wafu wa Ebola. Mama mwenye alizika mutoto wa surua bila kuona gari hata moja, akiuliza juu ya nini Ebola inahesabiwa sana vile, anauliza swali la maana. Jibu la sayansi iko: Ebola ikiachiliwa mu muji mukubwa inaweza kuwa musiba wa dunia. Lakini mama alikuwa na haki ya kupata jibu hilo ku mulango wake, kwa luga yake, mbele ya kuombwa jina.

Kisha kukawa moto. Tarehe 24 mwezi wa pili 2019 kituo cha matibabu cha Katwa kilichomwa. Siku tatu kisha, kile cha Butembo kikashambuliwa. Tarehe 19 mwezi wa ine, munganga Richard Mouzoko, Mukameruni wa Shirika la Afya la Dunia, aliuawa ku hospitali ya universite mu Butembo, alipokuwa mu mukutano na wenzake.

Hapa wasomi wanapaswa kufungua macho. Baada ya shambulio, vikundi vinasimama. Hakuna mutu anapita nyumba kwa nyumba, hakuna vipimo. Kwa hiyo namba ya siku ile inashuka. Mutu mwenye anasoma ripoti mbali anaweza kufurahi: ugonjwa unapunguka! Hapana. Macho njo yamefungwa. Wiki chache kisha namba inapanda na kupita ya mbele. Ukiona namba ya ugonjwa inashuka, uliza kwanza: waliotafuta walikuwa wangapi?

4. Goma tena, 2019

Basi nini ilibadilika? Si mashini, mashini zilikuwa toka mwanzo. Kidogo kidogo watu wa kazi walianza kuwa watu wa pale. Vijana wa kartie walifundishwa kuzika, na jamaa wakaruhusiwa kufuata na kuomba. Vyumba vya plastiki yenye kuonekana ndani vilifanya mama aone mutoto wake kwa macho. Wale waliopona walirudi kulinda wagonjwa na watoto wachanga, na wao hakuna mutu angewaambia Ebola haiko.

Tarehe 14 mwezi wa saba 2019, pasta mumoja alifika Goma na basi kutoka Butembo, akiwa mugonjwa. Wizara ya Afya ilisema kama ku vizuizi vya njiani aliandikisha majina tofauti. Liste ilikuwako, karatasi ilijazwa, na haikusaidia kitu, juu jina lilikuwa la uongo. Kitu kilichosaidia ni kama mu kituo cha afya chenye alienda Goma, wafanyakazi waliona alama na wakatoa habari siku ile ile. Basi na abiria wake wakatafutwa, chanjo ikaanza. Siku tatu kisha Shirika la Afya la Dunia likatangaza hatari ya kimataifa. Baadaye mugonjwa mwengine akafika kutoka Ituri, na mutu wa jamaa yake akaambukizwa, kisha mwengine. Jumla ya Goma: wagonjwa wane. Wane, mu muji wenye watu zaidi ya milioni moja, muji ule ule wenye 1994 lori zilikuwa zinahesabu kwa maelfu. Kolera na Ebola si ugonjwa mumoja, najua. Lakini tofauti ya kuhesabu kwa wakati na kuhesabu kisha musiba, inaonekana hapo.

5. Na sisi?

Wengi kati yetu, lisansi mukononi, kazi ya kwanza tutakayopata itakuwa kujaza fomu: kwa shirika fulani, kwa zoni ya afya, kwa uchunguzi fulani. Kuko mwenye anasema ni kazi ndogo, ya kungojea kazi ya kweli. Historia hii inasema hapana. Kijana akikaa chini ya muti na kujaza joto la watu kumi wenye hakuwatembelea, ili apate primu ya siku, amefungua njia kwa ugonjwa kupita. Ni mustari mumoja tu wa uongo, lakini Ebola inahitaji mutu mumoja tu.

Na kuko deni ya serikali pia. Hesabu ya mwisho ya wakaaji wa inchi hii ilifanywa 1984. Wengi wetu tulizaliwa nyuma yake. Ukiniuliza watu wangapi wanaishi mu Katwa, kila mutu ana namba yake, sawa vile ilikuwa kwa wakimbizi wa Goma. Na vifo vya kawaida? Mutu aliyekufa na Ebola mu Butembo aliandikwa tarehe, umri, avenyu. Jirani yake aliyekufa na malaria wiki ile ile, ku ofisi ya komini hayuko. Tunahesabu wafu wakati dunia inaogopa tu. Kisha tunashangaa watu wakikataa kuhesabiwa.

Kitabu kinaweza kuanza mu avenyu, hata mbele serikali iamuke. Chefu wa avenyu, munganga wa kituo cha afya na kijana mwenye anajua kuandika wanatosha. Nani alizaliwa, nani alihama, nani alikufa, alikuwa na alama gani. Wafanye hivyo mu wakati wa amani, wakati hakuna gari wala jile, na waende ku kilio sawa vile jirani, si sawa vile mupelelezi. Siku ugonjwa utarudi, na utarudi, mutu mwenye atabisha atakuwa mwenye alishakuja kulia pamoja na hiyo nyumba.

Wale 153 hatuwezi tena kuwatoa mu kolone ya "pengine". Lakini leo mangaribi, muulize mama ao koko wako: mu avenyu yetu, mwaka huu, nani walikufa, na juu ya nini? Uandike majina. Utaona atayakumbuka yote.